Kirusi hakina miguu: Lanet na magonjwa yanayobebwa

Julai 1930, kwenye shamba moja kando ya Ziwa Naivasha, wanakondoo walianza kufa kabla ya kutimiza wiki moja. Aliyeonekana mzima jioni alikutwa asubuhi amelala ubavu, hataki kunyonya, na kabla ya jua kutua alikuwa mzoga. Kondoo wenye mimba waliitupa. Ndani ya wiki nne shamba hilo lilikuwa limepoteza takriban wanakondoo 3,500 na kondoo majike 1,200.

Waliochunguza mkasa huo walitoka maabara ya mifugo ya Kabete: Robert Daubney na J. R. Hudson, wakishirikiana na daktari wa binadamu, P. C. C. Garnham. Walipopasua mizoga, kilichowashtua ni maini. Yalikuwa yamebadilika rangi, yamejaa madoa na yanamomonyoka. Wakachukua damu ya mgonjwa na kuipitisha kwenye kichujio chenye vitundu vidogo mno, ambavyo bakteria hawawezi kupenya. Majimaji yaliyopita yalipodungwa kondoo mzima, naye akaugua. Muuaji, basi, alikuwa mdogo kuliko bakteria. Na hakuchagua mnyama peke yake: watu walioshika mizoga ile, wachungaji na watafiti pia, walishikwa na homa kali na maumivu ya viungo. Mwaka 1931 wataalamu hao watatu walichapisha matokeo yao, na ugonjwa ukapewa jina ambalo dunia nzima inalitumia hadi leo: Homa ya Bonde la Ufa.

Kuna sehemu ya kisa hicho isiyotajwa mara nyingi, ingawa ndiyo yenye faida kubwa kwa mfugaji. Kondoo waliosalia walihamishiwa nyanda za juu, mbali na ziwa, na vifo vikakoma. Hawakudungwa chanjo, kwa kuwa haikuwepo. Hawakupewa dawa, kwa kuwa haikuwepo pia. Mbu walibaki bondeni, kondoo wakapanda mlimani, na njia ya ugonjwa ikakatika.

Kutoka ziwa hilo hadi Lanet ni kama kilomita 60 ukifuata barabara kuu ya Nairobi kuelekea Nakuru. Anayepita kwa gari huiona Lanet kama mji wa kambi ya jeshi, malori ya masafa marefu na majengo ya kupangisha yanayoongezeka kila mwaka. Lakini ardhi hii, iliyo karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, imekuwa ya mifugo kwa karne nyingi. Mwaka 1957 mwanaakiolojia Merrick Posnansky alichimba hapa na kukuta mabaki ya makazi ya wafugaji wa kale pamoja na vyungu vyao; mtindo wa vyungu hivyo unajulikana katika vitabu vya akiolojia kwa jina la Lanet. Leo shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, lina taasisi yake ya utafiti wa ng'ombe wa nyama papa hapa. Upande wa Bahati na Dundori kuna ng'ombe wa maziwa karibu kila boma, na mashamba ya mahindi yanagusana. Upande wa pili, nyuma ya uzio, nyati wanalisha katika Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru.

Mahali ambapo ng'ombe, kondoo, mahindi, wanyamapori na barabara kuu vinakutana ni mahali ambapo virusi vina usafiri wa kutosha. Ndiyo maana Lanet ni mahali pazuri pa kuuliza swali linalosahaulika mtu anapokimbilia dawa: kirusi kimefikaje hapa?

Kitu kisichopumua

Bakteria, kwa udogo wake, ni kiumbe kamili. Anakula, anatoa taka, anakua na kugawanyika. Ukimwekea lishe na joto linalomfaa, atazaana mwenyewe. Kirusi hakifanyi lolote kati ya hayo. Hakili, hakipumui, hakina nguvu zake, na hakina hata seli moja. Ni uzi wa maagizo ya urithi, ama DNA ama RNA, uliofungwa ndani ya ganda la protini. Baadhi ya virusi huongeza juu yake utando wa mafuta uliochukuliwa kwenye seli vilimotoka.

Fikiria karatasi ya mapishi iliyotupwa jikoni kwa watu. Karatasi haipiki. Lakini ikiwa wapishi wa jikoni hilo wana kawaida ya kupika chochote kilichoandikwa mbele yao, wataacha chakula cha wenye nyumba na kupika kilichoagizwa na karatasi, na agizo lenyewe ni kutengeneza karatasi nyingine maelfu kwa maelfu. Ndivyo seli inavyotekwa. Kirusi hugusa kipokezi fulani juu ya seli, huingizwa ndani, ganda linafunguka, na mitambo ya seli inaanza kusoma maagizo ya mgeni kana kwamba ni ya mwenyeji.

Kinachostaajabisha ni ufupi wa maagizo hayo. Urithi wa ng'ombe una herufi zipatazo bilioni 2.7. Kirusi cha Homa ya Bonde la Ufa kina herufi zipatazo 12,000 tu, zilizogawanyika katika vipande 3 vya RNA. Cha ugonjwa wa midomo na miguu kina kama 8,400. Upana wake ni nanomita 30 hivi, maana yake unaweza kupanga zaidi ya 30,000 kwenye mstari wa milimita moja. Hata darubini ya kawaida haivioni. Virusi vilianza kuonekana kwa macho mwishoni mwa miaka ya 1930, ilipopatikana darubini ya elektroni.

Na kirusi sicho kidogo kuliko vyote. Mwaka 1971 mtafiti Theodor Diener, nchini Marekani, alionyesha kwamba ugonjwa mmoja wa viazi unaoharibu umbo la kiazi husababishwa na kipande cha RNA kisicho na ganda lolote, chenye herufi 359 pekee. Vitu vya aina hiyo huitwa viroidi, na vyote vinavyofahamika vinavyosababisha magonjwa hushambulia mimea. Kisha kuna prioni, ambazo hazina hata herufi moja ya urithi. Ni protini iliyokunjwa vibaya, inayozilazimisha protini nyingine za aina yake kujikunja vibaya kama yenyewe. Hizo ndizo zilizoleta ugonjwa wa wazimu wa ng'ombe nchini Uingereza kuanzia miaka ya 1980, na Stanley Prusiner alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1997 kwa kazi yake ya kuzifafanua.

Kati ya vitu hivi vyote hakuna hata kimoja kinachotembea. Kirusi hakiruki, hakitambai, hakina mkia wa kuogelea kama walio nao bakteria wengi. Kila kilipofika, kuna aliyekibeba.

Sindano isiyogusa kirusi

Simama nusu siku kwenye kaunta ya agroveti yoyote kati ya Lanet na Bahati wakati ugonjwa wa midomo na miguu unapozuka, na utayasikia mazungumzo haya au yanayofanana nayo. "Daktari, ng'ombe wangu anatokwa na povu, amekataa nyasi, na anainua miguu kama aliyekanyaga makaa. Nipe ile sindano kali." Naye muuzaji, ambaye kila mteja humwita daktari hata kama si daktari, hujibu: "Mama, hiyo ni midomo na miguu. Sindano haitakiua kirusi. Itasaidia vidonda tu visioze." Mama anaitaka hata hivyo. Kurudi nyumbani mikono mitupu ni vigumu kuliko kulipia chupa.

Dalili zenyewe hazifichiki. Ute unaning'inia mdomoni. Ng'ombe anapiga midomo kwa sauti, kwa sababu ulimi una malengelenge; ukiushika, ngozi ya juu inachubuka na kubaki mkononi, na chini yake pana nyama nyekundu. Katikati ya kwato kuna vidonda vinavyovutia nzi. Maziwa yanapungua ghafla. Ng'ombe mkubwa aghalabu hafi, lakini ndama anaweza kuanguka ghafla kwa sababu kirusi humwingia kwenye misuli ya moyo.

Kwa nini sindano kali haisaidii? Dawa kama oksitetrasaiklini, ambayo ndiyo hununuliwa zaidi, hufanya kazi kwa kushika ribosomu za bakteria, vile vijitambo vinavyounda protini, na kuzisimamisha. Bakteria asiye na protini mpya hawezi kuongezeka. Kirusi hakina ribosomu hata moja. Kinatumia za ng'ombe, na hizo dawa hii haizisimamishi. Mganga wa mifugo anaweza kuwa na sababu nzuri ya kuitoa, kwa kuwa vidonda vilivyo wazi huvamiwa na bakteria. Lakini anayeitoa akidhani anapambana na kirusi anatupa pesa, na juu ya hayo analazimika kumwaga maziwa kwa siku kadhaa hadi dawa iishe mwilini.

Wakati huo kirusi kinaendelea na safari. Mnyama huanza kukimwaga katika mate, pumzi na maziwa kabla hata dalili hazijaonekana, kwa hiyo ng'ombe aliyeonekana mzima sokoni jana huenda ndiye aliyekileta. Kinapanda gumboti za mkamuaji anayehudumia maboma matatu asubuhi moja. Kinapanda magurudumu ya gari la maziwa, mikono ya mchinjaji anayepapasa ng'ombe ili kukadiria uzito, na nguo za mganga mwenyewe asipokuwa makini. Kwa bahati nzuri, kirusi hiki kina udhaifu mmoja: hakivumilii asidi wala alkali. Maji yenye sodiamu kaboneti, kemikali inayotengenezwa papa hapa Bonde la Ufa kutokana na chumvi za Ziwa Magadi, yakichanganywa kwa kiwango cha sehemu 4 kwa 100, huvunja ganda lake. Beseni la maji hayo mlangoni mwa boma ni rahisi kuliko chupa ya dawa, na hufanya kazi ambayo chupa haiwezi.

Chanjo ipo, na hutengenezwa Kenya na KEVEVAPI, taasisi ya serikali ya chanjo za mifugo. Tatizo ni kwamba kirusi cha midomo na miguu si kimoja. Kuna aina 7, na kinga dhidi ya aina moja hailindi dhidi ya nyingine. Nchini Kenya zinazozunguka ni O, A, SAT 1 na SAT 2. Aina ya C haijaonekana popote duniani tangu 2004, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi mbili za mwisho kuipata. Nyati anaweza kukaa na aina za SAT kooni kwa miaka bila kuugua, ndiyo maana uzio wa hifadhi ni kinga ya mifugo kama ulivyo kinga ya mashamba. Tena kinga ya chanjo hupungua baada ya miezi kama sita. Aliyechanja mwaka juzi hajachanja.

Wawili wakikutana kwenye hindi

Mkulima wa mahindi huenda akadhani mambo haya ni ya wafugaji. Septemba 2011, katika eneo la Longisa, Kaunti ya Bomet, wakulima waliona mahindi yaliyokauka yakiwa bado machanga. Majani yalianza kwa mistari ya manjano, kisha ukavu ukaingia kutoka kingoni kuelekea katikati, na jani changa la kati likafa. Magunzi yaliyobahatika kutokea yalikuwa na punje za kuhesabika. Kabla ya muda mrefu ugonjwa ulikuwa umeingia Nakuru, Narok na kwingineko, na wakulima wakajifunza herufi tatu ambazo hawajazisahau: MLN (Maize Lethal Necrosis).

Kinachoufanya ugonjwa huu kuwa somo la kipekee ni kwamba hauletwi na kirusi kimoja. Ni virusi viwili vikikutana ndani ya mmea mmoja. Cha kwanza huyapa mahindi rangi ya manjano yenye mabaka. Cha pili ni kirusi cha mozeiki ya muwa, ambacho kilikuwa nchini tangu zamani na wakulima walikizoea. Kila kimoja peke yake hudumaza mmea, lakini mara nyingi bado utavuna. Vikiingia pamoja, kirusi cha pili hulemaza kinga ya mmea, na cha kwanza kinapata nafasi ya kuongezeka kupita kiasi. Mmea unakufa.

Hapa tena, ukiuliza vimefikaje, unapata majibu mawili tofauti. Kirusi cha mozeiki hubebwa na vidukari. Kile cha manjano hubebwa na thripi, wadudu wembamba ambao ni vigumu kuwaona mpaka ulipasue jani la kati, pamoja na mbawakawa kadhaa. Huweza pia kusafiri, kwa kiwango kidogo, ndani ya mbegu. Wadudu hao wote wanahitaji mahindi mabichi ya kuwahifadhi. Shamba linalopandwa mahindi msimu baada ya msimu, au mtaa ambao huyu anavuna huku jirani anapalilia, huwa halikosi daraja. Wadudu wanavuka kutoka shamba kuukuu hadi shamba jipya, na virusi vimo mdomoni.

Mwaka 2013 KALRO na kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, CIMMYT, walifungua Naivasha kituo maalumu ambapo mahindi huambukizwa makusudi ili kuchuja mbegu zinazostahimili. Mbegu hizo zimeanza kuwafikia wakulima. Lakini ushauri uliozuia hasara tangu mwanzo hauhitaji maabara: panda maharagwe au viazi baada ya mahindi, ng'oa mmea mgonjwa mapema, usitunze mbegu kutoka shamba lililougua, na kubalianeni na majirani kuwe na miezi ambayo mtaa mzima hauna hindi bichi. Sharti hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu linahitaji watu, si dawa.

Mayai yanayosubiri mvua

Turudi kwenye ugonjwa uliopewa jina la bonde letu. Kwa miongo mingi wataalamu walijiuliza swali moja: Homa ya Bonde la Ufa huzuka, huua, kisha hutoweka kwa miaka 5, 10 au 15. Inapokuwa haipo, iko wapi?

Sehemu kubwa ya jibu ilipatikana Kenya. Mwaka 1985 Kenneth Linthicum na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mbu wa jamii ya Aedes, waliokusanywa wakiwa bado viluwiluwi kwenye bonde la nyasi lililofurika, walikuwa na kirusi mwilini. Hawakuwa wamewahi kumuuma mnyama yeyote. Walikuwa wamerithi kirusi kutoka kwa mama yao kupitia yai.

Mbu hawa hutaga kwenye udongo wenye unyevu ukingoni mwa mabonde madogo yanayotuamisha maji. Maji yakikauka, mayai hayafi. Hukaa udongoni kwa miaka. Inapokuja mvua ya El Niño na bonde kufurika kwa wiki kadhaa, mayai huanguliwa kwa pamoja, na baadhi ya mbu huzaliwa wakiwa tayari wamebeba mzigo. Wanawauma kondoo na ng'ombe, kirusi kinaongezeka ndani ya damu, kisha mbu wengine, hasa wa jamii ya Culex, wanaingia kazini na kukisambaza kwa kasi. Mwaka 1997 na 1998 ndivyo ilivyokuwa. Mwishoni mwa 2006 ikawa hivyo tena, kuanzia Garissa na baadaye Baringo, ndani ya Bonde la Ufa lenyewe. Hadi Machi 2007 Kenya ilikuwa imehesabu wagonjwa 684 wa kibinadamu, na zaidi ya 150 kati yao walikufa.

Binadamu wengi wakiambukizwa hupata homa inayofanana na mafua makali na kupona. Wachache huharibika macho, wengine ubongo, na wachache zaidi hutokwa na damu. Kati ya hao wa mwisho karibu nusu hufa. Wengi huupata kwa mikono yao wenyewe: kuchinja mnyama mgonjwa, kumsaidia kondoo anayetupa mimba bila glavu, kunywa maziwa yasiyochemshwa. Mtu kumwambukiza mtu mwenzake hakujathibitishwa.

Kwa kuwa njia inajulikana, inatabirika pia. Mwaka 2006 Assaf Anyamba, Linthicum na wenzao walitumia picha za setilaiti na joto la bahari kutoa tahadhari wiki kadhaa kabla ya wagonjwa wa kwanza kutambuliwa Afrika Mashariki. Na chanjo ya mifugo ilikuwapo: ile ya Smithburn, iliyotokana na kirusi kilichopatikana kwa mbu katika msitu wa Semliki, Uganda, mwaka 1944. Lakini chanjo hiyo inaweza kumfanya mnyama mwenye mimba aitupe, na mara mafuriko yanapoanza, sindano moja ikitumiwa kwa wanyama wengi inaweza yenyewe kuhamisha kirusi kutoka damu hadi damu. Chanjo ya homa hii huchanjwa wakati wa ukame, wakati ambapo hakuna anayeiwazia.

Sotoka ilivyoondoka

Yapo mafanikio ya kuelezwa, na mengi yake yana mizizi hapa nchini. Sotoka iliangamiza ng'ombe wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890 na kuwaacha Wamasai na wafugaji wengine katika njaa isiyosahaulika. Katika maabara ya Muguga, kando ya Nairobi, Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo iliyokuzwa kwenye seli badala ya mnyama mzima. Ilikuwa rahisi, salama, na mchanjo mmoja ulimlinda ng'ombe maisha yake yote. Plowright alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1999. Mara ya mwisho sotoka kuonekana duniani ilikuwa 2001, kwa nyati wa Hifadhi ya Meru. Mwaka 2011 ulimwengu ulitangaza kwamba imetokomezwa. Ni ugonjwa wa pili tu kufutwa duniani, baada ya ndui.

Ilifutika kwa sababu za kibiolojia zinazoeleweka: aina ya kinga ilikuwa moja, ng'ombe aliyepona hakubaki mchukuzi, na njia ya maambukizi ilikuwa ya mnyama kwa mnyama. Midomo na miguu haina sifa hizo, kwa hiyo asitokee mtu wa kuahidi kuifuta kwa kampeni moja. Sotoka ya mbuzi na kondoo inazo karibu zote. Ni ndugu ya sotoka ya ng'ombe na ya surua ya watoto, na mashirika ya kimataifa yamelenga kuifuta ifikapo 2030. Midomo na miguu na sotoka hiyo ya mbuzi na kondoo ndiyo magonjwa mawili yaliyolengwa serikali ilipotangaza, mwishoni mwa 2024, mpango wa kuchanja ng'ombe milioni 22 na mbuzi na kondoo milioni 50. Uvumi ulitangulia sindano. Wengine walisema chanjo itawafanya ng'ombe wasizae, wengine kwamba ni jaribio la wageni. Anayekumbuka Plowright alifanya kazi wapi anajua kwamba chanjo za mifugo si jambo la kuletewa katika nchi hii.

Gharama ya kuwa wa kwanza kusema

Ukipanga visa hivi vyote pamoja, jambo moja linajirudia. Kwa magonjwa haya, mfugaji na mkulima hawana dawa ya kukiua kirusi kikiwa ndani. Wana mambo mawili: kinga iliyowekwa mapema, na njia iliyokatwa kwa wakati. Kukata njia kunahitaji habari, na habari hiyo inatoka kwa mtu mmoja: yule ambaye ng'ombe wake ndiye wa kwanza kutokwa na povu.

Sheria inamtaka atoe taarifa. Lakini fikiria mizani iliyo mbele yake. Akisema, karantini inatangazwa, soko la mifugo linafungwa, majirani wanamlaumu kwa kuwafungia riziki, na maziwa yake hayana mnunuzi huku karo ikisubiriwa shuleni. Akinyamaza, anaweza kumuuza ng'ombe aliye bado mzima kabla ya alfajiri, na ndivyo kirusi kinavyopata lori la kwenda kaunti nyingine. Hajafanya hivyo kwa ujinga. Amepiga hesabu, na hesabu imemwambia anyamaze.

Kwa hiyo mafunzo ya biolojia peke yake hayatoshi, hata yakiwa mazuri. Kaunti inayotaka kuzuia mlipuko lazima ibadilishe hesabu hiyo: mganga afike siku ile ile simu ilipopigwa, chanjo za kuzunguka boma lililougua zitolewe bila malipo, vyama vya ushirika vimlipe mwanachama sehemu ya maziwa yaliyokataliwa, na karantini iwe fupi na ya eneo dogo lililopimwa, si kufunga kaunti nzima na kusahau kuifungua. Hayo yote yana gharama, lakini ni ndogo kuliko ya kuchelewa kwa wiki tatu.

Mwaka 1930 Naivasha ilitosha kuwapandisha kondoo mlimani. Leo kila kilima kina boma na kila barabara ina lori, hakuna pa kukimbilia. Kilichobaki ni kujua mapema, na hatutajua mapema hadi siku ambayo mfugaji wa Lanet atapata hasara ndogo kwa kusema kuliko anayopata kwa kuuza usiku.